Mapitio ya Kolibri: kuanza darasa lililogeuzwa pasipo na intaneti

Mwalimu anayetaka kugeuza darasa, yaani maelezo yatazamwe kabla ya kipindi na kipindi chenyewe kibaki cha kukokotoa, kubishana na kusahihishana, hukwama mapema kwenye jambo ambalo hata si la ualimu. Video itamfikiaje mwanafunzi wa bweni aliyekatazwa simu? Na yule wa kutwa, ambaye simu ya nyumbani ni moja, ni ya mzazi, na bando hununuliwa la siku kwa siku? Ushauri mwingi wa mtandaoni hulipita swali hili kimyakimya. Kolibri, programu ya bure ya kujifunzia bila intaneti, imejengwa juu yake.

Tatizo hili halikuanzia kwetu. Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia wa Woodland Park, Colorado, walianza mwaka 2007 kurekodi masomo kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi, na wale wasio na intaneti nyumbani waliwapa video kwenye flashi na DVD. Ila flashi haikuambii nani ameifungua. Kolibri inapeleka video na kumrudishia mwalimu habari: nani amemaliza, nani amekwama, na amekwama swali la ngapi. Kwa anayegeuza darasa, habari hiyo ina thamani kuliko video yenyewe, na ndiyo sababu tunaipitia programu hii kwa jicho hilo tu. Kama unatafuta maktaba ya jumla ya shule, mizani yako itakuwa tofauti.

Inavyofanya kazi

Kolibri hutolewa bure na Learning Equality, shirika lisilo la kibiashara la San Diego, California, lililoanzishwa mwaka 2013. Kabla yake kulikuwa na KA Lite ya mwaka 2012, iliyowezesha video za Khan Academy kutazamwa bila intaneti; Kolibri ilichukua nafasi hiyo na kuipanua. Imetumika katika shule za kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, mahali ambapo kifaa kisichovumilia vumbi na umeme wa kuyumba hakidumu.

Unaiweka kwenye kompyuta moja ya Windows, Linux au Mac, au kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, na kompyuta hiyo inakuwa seva, yaani inayohudumia vifaa vingine. Vifaa vingine vyote, iwe kompyuta za maabara, vishikwambi au simu, huingia kwa kivinjari cha kawaida kupitia Wi-Fi ya ruta. Ruta hiyo haihitaji laini wala bando. Intaneti inahitajika siku ya kupakua programu na siku ya kupakua maudhui, na hata maudhui yanaweza kuletwa kwa diski ya nje kutoka shule jirani ambayo tayari inayo. Kurasa za mwanafunzi na mwalimu zinapatikana kwa Kiswahili.

Vifaa: laptop kuukuu inaishinda Raspberry Pi

Wengi huvutiwa na Raspberry Pi kwa udogo na bei yake. Kwa shule inayoanza, tunapendekeza laptop iliyotumika, yenye RAM ya GB 4 na diski yenye nafasi ya GB 100 au zaidi. Sababu ya kwanza ni betri. Umeme ukikatika, laptop inaendelea. Pi inazima papo hapo, na ikizimwa hivyo mara nyingi katikati ya kuandika, kadi ya memori huharibika na rekodi za wanafunzi hupotea pamoja nayo. Sababu ya pili haisemwi sana: Pi 4 na zilizotangulia hazina saa yenye betri. Zikiwaka mahali pasipo intaneti hazijui tarehe, na ripoti ya jana usiku inaweza kuonyesha tarehe ya miezi iliyopita. Kwa maktaba hilo si neno. Kwa mwalimu anayetaka kujua nani ametazama video kabla ya kipindi cha asubuhi, ripoti yenye tarehe za uongo ni kazi bure.

Ukishikilia Pi, nunua Pi 4 yenye RAM ya GB 4, adapta yake halisi ya volti 5 na ampea 3 (chaji ya simu huipa umeme pungufu, nayo hujizimazima bila kutoa sababu), kadi ya memori ya GB 128 ya kampuni inayoaminika, na pawabenki au UPS ndogo katikati. Usitegemee Wi-Fi yake ya ndani kwa darasa zima. Iunganishe na ruta kwa waya.

Kwenye laptop ya Windows kuna mambo matatu ya kurekebisha siku ya kwanza. Zima kabisa usingizi wa kompyuta, pamoja na ule wa kufunga kifuniko. Ruhusu Kolibri kwenye ukuta-moto (firewall) wa Windows kwa mitandao ya ndani. Usipofanya hivyo Kolibri itafunguka vizuri kwenye seva na kukataa kwenye vifaa vingine vyote, na hapo ndipo walimu wengi hukata tamaa wakidhani programu ni mbovu. Kisha ingia kwenye mipangilio ya ruta uifungie laptop anwani moja ya kudumu, kwa mfano 192.168.0.100. Wanafunzi wataandika 192.168.0.100:8080 kwenye kivinjari. Bila anwani ya kudumu, ruta ikizimwa na kuwashwa inaweza kuipa seva namba nyingine, na karatasi uliyobandika ukutani itakuwa imepitwa na wakati.

Vishikwambi na simu za Android zina tabia yake: zikiona Wi-Fi haina intaneti, huuliza kama ubaki au uhame, na nyingine huhama zenyewe kwenda kwenye data ya laini. Mwanafunzi ataona ukurasa haufunguki. Zima data ya simu kabla ya kuingia, na ukiulizwa chagua kubaki kwenye mtandao huo.

Je, ruta itahimili? Piga hesabu. Video iliyobanwa vizuri kwa ubora wa picha wa 480p hutumia takriban megabiti 0.6 kwa sekunde. Vifaa 20 vikitazama pamoja ni megabiti 12, mzigo ambao ruta ya kawaida ya nyumbani hubeba ikiwa imewekwa chumba hicho hicho, juu, mbali na ukuta wa nondo. Vifaa 40 ni habari nyingine. Hapo tafuta ruta ya pili au gawa zamu. Kompyuta za mezani za maabara ziunganishe kwa waya uiachie Wi-Fi vishikwambi.

Akaunti

Usiwaandikishe wanafunzi mmoja mmoja. Kolibri hupokea faili la CSV, yaani jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, lenye majina, majina ya kuingilia na madarasa, na darasa la watu 60 linaingia kwa dakika chache. Jina la kuingilia lisiwe na nafasi. Namba ya usajili wa shule hufaa kuliko jina, maana akina Juma Hassan huwa zaidi ya mmoja. Mipangilio inaruhusu wanafunzi kuingia bila nywila. Kwa watoto wa msingi ni nafuu kubwa, lakini kwa sekondari itakuletea mtu aliyemfanyia rafiki yake zoezi zima. Weka nywila fupi.

Zima pia njia ya kuvinjari bila akaunti. Mwanafunzi akiingia kama mgeni anatazama kila kitu vizuri, na Kolibri haiandiki lolote juu yake. Asubuhi anaapa kwamba alitazama. Anasema kweli, na ripoti yako inasema hakutazama. Hapo mnaanza siku kwa ugomvi usio na mshindi.

Maudhui: ya kupakua na ya kujirekodia

Maktaba ya Kolibri ina chaneli nyingi za kupakua bure: Khan Academy, CK-12, majaribio ya PhET ya fizikia na kemia, hadithi za African Storybook na nyinginezo. Chaneli nzima ya Khan Academy ya Kiingereza ina makumi ya GB, lakini hulazimiki kuibeba yote. Wakati wa kupakua unachagua mada unazotaka. PhET ndiyo lulu ya maktaba hii kwa walimu wa sayansi wasio na maabara: mwanafunzi anabadilisha volti na ukinzani na kuona mkondo unavyobadilika, na faili zake ni ndogo.

Kuhusu Khan Academy tuseme wazi. Mazoezi yake ni mazuri, na mengi yana vidokezo vya hatua kwa hatua. Video zake, kwa kugeuza darasa la Kidato cha Pili huku kwetu, ni za ziada tu. Lafudhi ni ya Kimarekani, mifano ni ya dola na besiboli, mpangilio wa mada haufuati mtaala wetu, na mtoto aliyetoka kusoma kwa Kiswahili darasa la saba hatavuka dakika ya tatu peke yake. Ukianza na video hizo, utaona idadi ya waliomaliza ikishuka wiki hadi wiki na utadhani wanafunzi ni wavivu.

Kwa hiyo jirekodie. Kifaa ni simu uliyonayo au kishikwambi. Vile vya sensa ya 2022 vilivyogawiwa walimu Tanzania vinatosha. Kiegemeze juu ya meza kikitazama chini, juu ya vitabu viwili na rula kama huna stendi, huku karatasi ya A4 ikiwa imebandikwa kwa gundi ya karatasi isisogee. Andika kwa kalamu nene ya wino. Mwanga utoke dirishani kwa ubavu. Ukitoka nyuma yako, kivuli cha mkono hufunika unachoandika. Sauti ina uzito kuliko picha: chumba chenye bati tupu na sakafu ya saruji kina mwangwi, chumba chenye kitanda na mapazia hakina. Mvua ikianza, acha.

Dakika 6 hadi 8, wazo moja. Ukiwa na mawili, tengeneza video mbili. Tazameni mwanzo wa mada ya moli ya Kidato cha Tatu: video ya kwanza iishie kwenye kutafuta idadi ya moli kutokana na masi. Ujazo wa gesi usubiri, na mkusanyiko wa myeyusho usubiri zaidi. Kila baada ya dakika mbili sema “simamisha video, jaza nafasi namba tatu,” na mwanafunzi awe na karatasi yenye nafasi za kujaza. Bila karatasi hiyo wanatazama video kama tamthilia ya jioni. Kwa mwanzo, jiandae kutumia saa moja na nusu hadi mbili kwa video moja ya dakika saba, pamoja na kuandaa karatasi na maswali. Muda hupungua ukizoea, lakini hauwi sifuri, na anayekuambia darasa lililogeuzwa hupunguza kazi ya mwalimu mwaka wa kwanza anakudanganya.

Kabla ya kupakia, bana faili. Simu hurekodi video ya dakika saba kwa megabaiti mamia. Programu ya bure ya HandBrake, ukichagua mpangilio wake wa 480p na kushusha ubora kidogo, huirudisha kwenye MB 30 hadi 40 na maandishi yakabaki yanasomeka, mradi uliandika makubwa. Hakikisha umbo ni MP4 ya H.264. Simu nyingi mpya hurekodi kwa HEVC, aina nyingine ya ubanaji, ili kuokoa nafasi, na video hiyo ikifunguliwa kwenye kivinjari cha kompyuta ya maabara mara nyingi hutoa sauti bila picha au haichezi kabisa.

Upakiaji hufanyika Kolibri Studio, tovuti ya Learning Equality, na hapa intaneti ni lazima. Unaunda chaneli yako, unapanga folda kwa mada, unapakia video na PDF, unatunga mazoezi. Nafasi ya bure ni MB 500, yaani video 13 hivi za ukubwa tuliotaja. Unaweza kuomba kuongezewa kwa kujaza fomu kwenye mipangilio ya akaunti. Ukimaliza ni lazima uchapishe chaneli. Utapata msimbo wa herufi kumi ambao unauandika kwenye Kolibri ya shule ili kuvuta chaneli. Ukirekebisha kitu baadaye, chapisha upya na uisasishe chaneli kwenye seva. Malalamiko mengi ya “nimepakia lakini haionekani” ni chaneli iliyohifadhiwa bila kuchapishwa.

Maswali matatu baada ya video

Hapa ndipo programu inapoanza kulipa. Kwa kawaida Kolibri huhesabu video kuwa imekamilika pale muda uliotumika unapofikia urefu wake. Mwanafunzi akiiacha icheze huku akisuka ukili, imekamilika. Kwa hiyo alama ya kukamilika kwenye video isikushughulishe. Weka zoezi fupi baada yake na usome hilo.

Studio hutoa maswali ya kuchagua jibu moja, kuchagua majibu kadhaa, kweli au si kweli, na kuandika namba. Kwa hesabu na sayansi tumia zaidi maswali ya kuandika namba, kwa sababu kosa lenyewe linakueleza fikra ya mwanafunzi. Uliza: gramu 10 za kalsiamu kabonati, CaCO₃, ni moli ngapi? Masi ya moli moja ni gramu 100, jibu ni 0.1. Aliyeandika 10 amegawanya kinyume. Aliyeandika 1000 amezidisha. Aliyeandika namba kama 0.147 huenda amesahau kuzidisha oksijeni mara tatu, akapata masi ya 68. Makosa matatu, tiba tatu tofauti, na umeyajua kabla hujashika chaki. Swali la kuchagua lingekuficha hayo, labda kama ungeyaweka makosa hayo hayo kuwa majibu ya mtego, jambo ambalo pia ni zuri ukiwa na muda.

Andika ndani ya swali kipimo unachotaka, maana kisanduku hupokea namba tupu, mtu akiandika “0.1 mol” atapoteza muda akishangaa. Kigezo cha kufaulu kiweke chini: kupata matatu kati ya matano kunatosha. Ukiweka kumi mfululizo, kama baadhi ya mazoezi yanavyotaka, zamu ya prepo itakwisha wenye kusuasua wakiwa hawajatoka.

Tofautisha zoezi na jaribio. Zoezi humwambia mwanafunzi hapo hapo kama amepata na huonyesha vidokezo. Jaribio, ambalo mwalimu huliunda kwenye ukurasa wake kwa kuchukua maswali yaliyomo kwenye chaneli, halimwambii kitu wakati bado anajibu. Kabla ya kipindi tumia zoezi. Jaribio liwe la mwisho wa mada.

Ripoti asubuhi

Mwalimu huunda somo, yaani orodha fupi: video, PDF ya karatasi, zoezi. Anachagua darasa au kikundi, kisha analifanya lionekane kwa wanafunzi. Hatua hii ya mwisho ni swichi ndogo inayosahaulika sana. Usiku wanafunzi wanaingia, hawaoni kitu, wanaondoka.

Asubuhi ripoti ya somo inakuonyesha waliokamilisha, wanaoendelea, ambao hawajaanza na, kwa mazoezi, wanaohitaji msaada. Ukifungua zoezi kuna orodha ya maswali yaliyowashinda wengi, na ukimbofya mwanafunzi unaona kila alipojaribu kujibu na alichoandika. Soma vitu viwili tu: swali lililoshinda wengi kuliko yote, na majina ya ambao hawajaanza. Dakika tano. Ripoti zaidi ya hapo zipo, hata za kupakua kama CSV, lakini mwalimu mwenye vipindi sita siku hiyo hazisomi, na akijilazimisha ataichoka programu nzima kabla ya likizo fupi.

Kasoro moja inaumiza: ukurasa wa mwalimu umepangwa kwa kioo kipana. Kwenye simu ndogo majedwali yanabanana na unatelezesha kidole kushoto na kulia. Soma ripoti kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu.

Zamu za prepo

Kwa shule ya bweni, prepo ndiyo “nyumbani” kwa darasa lililogeuzwa. Chukua darasa la 48 na kompyuta 16. Wanafunzi wawili kwa kompyuta, hedfoni mbili kwenye kigawanyio cha tundu moja. Video ya dakika saba ikisimamishwasimamishwa na karatasi kujazwa inachukua dakika 15. Baada ya hapo wasifanye zoezi pamoja, maana Kolibri humwandika aliyeingia tu: mmoja anafanya dakika 10, anatoka, mwenzake anaingia. Jumla dakika 35 kwa zamu. Jozi ni 24, kompyuta 16, kwa hiyo zamu mbili, dakika 70. Prepo ya saa mbili inabeba hilo kwa somo moja usiku mmoja. Masomo mawili usiku huo huo hayaingii, kwa hiyo walimu wapangiane ratiba mapema. Kuanza, geuza mada moja ya somo moja, si muhula mzima.

Hesabu ikiwa ni wanafunzi 90 na kompyuta 8, Kolibri haitakufaa kwa njia hii, na ni vyema kusema hivyo kabla shule haijanunua kitu. Geuza darasa kwa kurasa mbili za kitabu cha kiada na maswali matatu ya kujibu kwenye daftari. Kugeuza hakulazimishi video. Au geuza ndani ya kipindi chenyewe: kundi moja kwenye kompyuta, kundi moja kwenye mazoezi ya maandishi, kundi moja na mwalimu, wazunguke.

Kwa shule za kutwa kuna njia ya vishikwambi. Kolibri ya Android inaweza kuwekwa kama kifaa cha kujifunzia tu: kikiwa kwenye Wi-Fi ya shule hupokea somo alilopangiwa mwanafunzi, nyumbani hutumika bila mtandao, na kikirudi shuleni hupeleka maendeleo kwenye seva. Ndiyo sura kamili ya darasa lililogeuzwa. Ina masharti: seva na vishikwambi viwe na matoleo ya Kolibri yanayoelewana, kifaa kikae kwenye mtandao wa shule muda wa kutosha kumaliza kusawazisha (wanafunzi wakipita mlangoni tu hakutoshi), na mwalimu apange somo siku moja kabla ili video iwahi kushuka. Na shule iwe imeamua nani analipa kioo kikipasuka.

Kipindi chenyewe

Programu inaishia mlangoni mwa darasa. Kwa vipindi viwili vya dakika 40 vilivyounganishwa, mgawanyo unaokubali ni huu: dakika 10 za mwanzo kwa lile swali lililoshinda wengi, ukiandika ubaoni majibu yao matatu yasiyo sahihi bila majina na kuwauliza kila jibu lilipatikanaje, dakika 50 za maswali magumu kwa vikundi vya wanne, wewe ukizunguka, dakika 15 kila mtu peke yake kwenye daftari, zinazobaki za kukusanya.

Kosa linaloua darasa lililogeuzwa kuliko yote hutokea wiki ya kwanza. Mwalimu anaona wanafunzi kumi kati ya 48 hawakutazama, anawahurumia, anafundisha video nzima upya ubaoni. Wale 38 waliotazama wamejifunza kwamba hawakuwa na haja ya kutazama. Wiki ya pili wanabaki 20, ya tatu wanabaki watano. Badala yake waweke hao kumi nyuma na laptop moja na hedfoni watazame wakati wenzao wameanza kazi. Watajiunga wakimaliza, na maswali yaliyobaki watamalizia prepo. Si adhabu, wala usiigeuze kuwa adhabu, kwa sababu wengine walikosa kompyuta au walikuwa zahanati.

Inachokosa, na njia nyingine

Video ya kawaida kwenye Kolibri haijisimamishi na kuuliza swali katikati. Tovuti ya Edpuzzle hufanya hivyo, tena humzuia mwanafunzi kuruka mbele, lakini huhitaji intaneti kwa kila mtazamaji, na akaunti ya bure ina kikomo cha video. Shule yenye intaneti ya uhakika itaipenda zaidi Edpuzzle. Karatasi ya kujaza nafasi huziba pengo hilo kwa wengine. Kwenye Kolibri pia hakuna mahali pa mwanafunzi kukabidhi picha ya daftari, wala pa majadiliano. Walimu wa historia, fasihi na Kiswahili, ambao kazi yao ni insha, watapata sehemu ndogo tu ya faida wanayopata wa hesabu.

Kundi la WhatsApp ni rahisi kuliko vyote na wazazi wanalijua. Kwa kutuma video moja ya dakika tano kwa darasa la jioni la watu wazima, linatosha. Halikuambii nani ameelewa, video hubanwa mpaka namba ndogo za chini za fomula hazisomeki, na bando ni la mwanafunzi.

Mwisho wa kila muhula zima Kolibri, nakili folda yake ya data kwenye diski ya nje, na uiweke diski hiyo chumba kingine tofauti na ilipo seva. Mahali folda ilipo pameandikwa kwenye ukurasa wa taarifa za kifaa. Maudhui yanaweza kupakuliwa tena. Rekodi za wanafunzi hazipo popote pengine. Mwaka mpya ukianza, waondoe waliomaliza kwenye madarasa kabla ya kuingiza CSV ya wapya, na nywila ya msimamizi mkuu ijulikane na watu wawili, maana mwalimu wa kompyuta akihamishwa nayo kichwani, seva inabaki pale ikiwaka bila mtu wa kuibadilisha.